Siri Kuu ya Mbegu za Maharage

Katika nchi hii hakuna kinachoingia mahali bila kutanguliwa na karatasi. Mgonjwa hutanguliwa na fishi, mwanafunzi hutanguliwa na buletini, mwenye shamba hutanguliwa na hati iliyojaa mihuri, na marehemu naye asipokuwa na cheti cha kifo, wenye kugawa urithi humhesabu kuwa bado mzima. Hayo nimeyazoea, nimezeeka nayo. Lakini karatasi yenyewe nayo itanguliwe na karatasi nyingine ya kuitangaza, hapo nakataa. Na ndivyo inavyokwenda siku hizi kwenye sekretaria ninakochapishia mitihani ya wanafunzi wangu, hapa hapa Kasugho.

Unapeleka kurasa mbili, zinatoka nne. Ya mwisho nitaifikia; ya kwanza haina swali hata moja. Ina namba ya kazi, jina la faili, jina la aliyeituma, jina la kompyuta ilikotoka, na saa. Sikatai kwamba duniani kuna mahali ambapo habari hizo zinatafutwa kwa hamu. Lakini sekretaria yetu ina kompyuta moja, printa moja, benchi moja na mimi. Kiwiko changu kiko juu ya meza. Karatasi inapotoka inamtangazia kijana mwenye duka kwamba kuna kazi imewasili kutoka kwenye kompyuta, ile ile ambayo mkono wake wa kushoto umeiegemea. Na jina la mwenye kazi? Si langu. Ni lake yeye, kwa kuwa ndiye aliyeifungua kompyuta asubuhi. Jina langu linaandikwa mahali pamoja tu, kwenye daftari la madeni.

Kijana huyo ni mtoto wetu. Alisomea informatiki Butembo, akarudi na mpango wa kufuta Windows kwenye mashine zote za mtaa, maana flashi za wanafunzi zilikuwa zinabeba virusi zaidi kuliko zinavyobeba kazi za shule. Ukichomeka flashi, faili zinageuka njia za mkato. Ukibofya, unaambukiza na nyingine. Akaweka Linux, na virusi vikakosa pa kulala. Kwa hilo namsifu, na nimewahi kumsifu mbele ya baba yake. Ila pamoja na Linux ilikuja programu ya kusimamia printa iitwayo CUPS, aliyoitengeneza Mmarekani Michael Sweet mwishoni mwa miaka ya 1990, na ambayo Apple waliichukua pamoja na mwenyewe mwaka 2007. Humo ndimo mnamokaa jalada, ule ukurasa usio na swali, ninalolilipia.

Anayetaka kujua asili ya jambo hili na atazame nyuma kidogo, enzi za kompyuta moja kubwa iliyotumiwa na chuo kizima. Printa ilikuwa chumba kingine, na karatasi ilikuwa moja ndefu isiyokatwa, inayojikunja na kushuka chini kama matumbo. Kazi za watu wengi zilitoka zimeungana. Ilibidi kila kazi ianze na ukurasa wenye jina kwa herufi kubwa, ili fundi ajue pa kuchana. Huko jalada lilikuwa na akili. Hata wao, watu wa chuo cha Berkeley, walipotengeneza amri yao ya kuchapa, lpr, waliweka kiherufi kimoja, -h, kwa ajili ya mtu aliyechoshwa na ukurasa huo. Maana yake wahenga wa kompyuta walikwisha kunielewa kabla hata Kasugho hatujaona tapureta ya umeme.

Na printa si mgeni kwenye ugomvi. Richard Stallman, yule mzee wa programu huria, hasira zake zilianzia kwenye printa ya leza ya Xerox pale MIT. Ilikuwa inakwama mara kwa mara, na yeye alitaka kuingia ndani ya programu yake airekebishe iwe inawajulisha watu imekwama. Akamwendea msomi mmoja wa Carnegie Mellon aliyekuwa na msimbo wake, akanyimwa. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, na dunia ikapata njia ya kufika kwenye Linux ya kijana wetu. Kwa hiyo nikinung'unika mbele ya printa sifanyi jambo la kishamba. Nafuata nyayo.

Sasa fikiria safari ya hiyo karatasi. Imeshuka melini Mombasa, ikavuka Kenya yote, ikavuka Uganda yote, ikalala Kasindi ikisubiri forodha, ikapita Beni roho mkononi, ikafika Butembo kwa mfanyabiashara aliyeipangia faida yake. Kutoka Butembo imepakiwa kwenye pikipiki, imefungwa nailoni na mpira, dereva na rimu zake wamesukumwa kwenye tope la mvua na vijana wanaodai chochote cha kunywea. Karatasi imevumilia yote hayo ili ifike Kasugho iandikwe tarehe ya leo.

Hapo sijagusa suala la umeme. Sekretaria inakula jua mchana, na jua la milima hii linajificha linapotaka. Likijificha, kijana anawasha jenereta. Katikati ya kubadilisha, mashine zinazimika. Printa ikirudi, kazi iliyokatika haiendelei pale ilipoachia, inaanza upya kwa heshima zote, yaani na jalada lake. Siku ya mawingu utaona rundo la majalada mezani, na mtihani haujatoka. Kijana ameweka jalada la mbele na la nyuma, kwa sababu programu inakubali mawili, moja la kufungulia na moja la kufungia. La nyuma linasema yale yale ya mbele. Kwamba kazi imekwisha, nilikuwa nimeshaona, kwa dalili ya kwamba karatasi zimeacha kutoka.

Wanafunzi wa chuo kikuu chetu cha uhifadhi, wanaokuja na TFC zao, zile kazi za kumalizia masomo, wao hawanung'uniki. Wanafurahia hata. Nao nawaelewa, maana TFC yenyewe ni kazi ya majalada. Kuna jina la nchi juu kabisa, kisha elimu ya juu, kisha chuo na sanduku lake la posta, kisha fakulti, kisha kichwa cha habari chenye mistari minne, kisha jina la mwandishi, kisha msimamizi na vyeo vyake, kisha mwaka wa masomo. Ukifunua, unakuta usemi wa busara peke yake katikati ya ukurasa mweupe. Ukifunua tena, kazi ametunukiwa mama. Tena, shukrani kwa Mungu, kwa walimu, kwa binamu wote kwa majina. Kufika kwenye utangulizi msomaji keshakunywa chai. Printa inapoweka jalada lake juu ya hilo jalada, mwanafunzi anaona kama ameongezewa cheo. Ilhali kule GRACE, kituo cha gorila yatima kilichofunguliwa jirani hapa mwaka 2010, wahudumu wanamjua kila gorila kwa jina lake bila kumbandika karatasi. Sisi wenye vitambulisho ndio hatuaminiki.

Tuje kwenye ubora. CUPS ina amri yake ya ubora, na inakwenda kwa namba: 3 ni rasimu, 4 ni kawaida, 5 ni bora. Moja na mbili hazimo kwenye orodha. Kijana wetu printa yake huishi kwenye 3, na juu ya hiyo 3 amewasha ile hali ya kubana toneri, ili kile kidogo kinachotoka kitoke kwa kujizuia. Jalada halidhuriki. Herufi zake ni kubwa na nene, hata ukizinyima wino zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kinachoteseka ni vile vitu vyembamba vilivyobeba maana: nukta ya desimali, mstari wa sehemu, alama ya kutoa.

Ndiyo, alama ya kutoa. Niliweka swali rahisi la kuwapa watoto moyo: x − 3 = 7. Kwenye kompyuta kilikuwa kistari cheusi kizuri. Kwenye karatasi palibaki nafasi, na ukiinua juani unaona kivuli cha mahali kistari kilipotarajiwa. Watoto wakasoma x 3 = 7. Wavivu wakajibu 4, bila shaka kwa kuwa 4 na 3 ni 7. Wale wenye akili, walionisikiliza nilipofundisha kwamba vitu vikikaa pamoja bila alama basi vinazidishwa, wakafanya kazi safi, wakapata saba juu ya tatu, wakapigia mstari. Hakuna aliyepata 10, na hakuna aliyekosea. Nikakaa na kalamu nyekundu mkononi mpaka ikakauka. Mwishowe nikawapa alama wote, na wazazi wakasema mwaka huu mwalimu amekuwa mpole.

Si hapa tu wino unapotuhini. Kadi za wapiga kura tulizochukua kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 2023, ambazo kwa wengi wetu ndizo kitambulisho cha pekee, zilififia nchi nzima hadi watu wakapanga foleni upya kutafuta nakala. Picha iliondoka kwanza, kisha jina, ikabaki plastiki inayothibitisha kwamba kuna mtu. Kabla yake, mwaka 2018, kura zilipigwa kwa mashine yenye printa tumboni, unabonyeza uso wa unayemtaka na karatasi inatoka. Ndugu zetu wa Beni na Butembo hata kuigusa hawakuigusa siku ile ya 30 Desemba. Waliambiwa wasubiri hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, na Machi ilipofika rais alikuwa keshaapishwa tangu Januari. Watu wa Beni siku ile walijipangia uchaguzi wao wa alama, kwa karatasi zao wenyewe. Sikusikia mtu akilalamika kwamba hazikusomeka.

Kuna siku nyingine printa iliamua kutoa siri za nyumba. Kijana alikuwa amebadilisha dreva, na badala ya mtihani zikaanza kutoka karatasi zenye mstari mmoja mmoja juu kabisa: @PJL SET RESOLUTION=600, halafu @PJL SET ECONOMODE=ON. Zilikuwa ni amri zenyewe, zile kompyuta inazozinong'oneza kwa printa kabla ya kazi. Printa haikuzielewa kuwa ni amri, ikazichapa kama barua. Yaani ilitumwa ibane wino, nayo ikatumia wino kutuandikia kwamba imetumwa ibane wino. Nimewahi kufanya kazi na wakuu wa namna hiyo.

Lakini amri hizo za PJL zina jambo moja ambalo kijana alilipenda mno. Ipo moja, RDYMSG, inayobadilisha maneno kwenye kioo kidogo cha printa, pale panapoandikwa kwamba iko tayari. Siku hizi ukisogea, kioo kinakuambia: LIPA KWANZA. Printa nzima imefundishwa adabu hiyo moja. Ukimwambia kijana "nitalipa Ijumaa," hakujibu. Anageuza kichwa polepole kukitazama kioo, kana kwamba yeye hana neno, ni mashine iliyoamua.

Kwa hayo yote ningeweza kunyamaza, lau si safari ya maharage.

Ushirika wetu ulipata mbegu, na mimi, kwa kuwa ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka, nikapewa kazi ya kuandaa orodha ya wanachama na kuipeleka Butembo. Kijana akaichapa vizuri, akaitia bahasha mwenyewe, akasema: "Mwalimu, hii iko na majina ya watu. Nimeilinda." Nikamshukuru. Nilidhani ameilinda na mvua.

Kumbe ile programu haina jalada la aina moja. Ina la kawaida, na ina mengine yaliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi za wakubwa: la faragha, la siri, la siri kuu. Kijana aliyaona kwenye orodha, akayaonea huruma kwamba hayatumiki.

Mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na barabarani vizuizi havikosekani. Tukasimamishwa. Dereva wa pikipiki akatoa kitambulisho chake, mimi nikatoa kadi yangu iliyofifia. Askari akaitazama, akanitazama, akaomba bahasha. Akachomoa ukurasa wa kwanza. Ulikuwa na maneno mawili kwa herufi kubwa nene, zilizotoka vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchapisha pale: TOP SECRET. Kiingereza hakijui, lakini Kifaransa kinamtosha kwa neno la pili.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni orodha ya mbegu, mkubwa."

"Mbegu ya nini?"

"Maharage."

Akafikiri. "Maharage iko na secret?"

Nikaanza kumweleza habari za jalada, la kawaida na yasiyo ya kawaida, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikifanana na mtu anayeficha kitu. Akafunua ndani. Na ndani, bila shaka, mlikuwa na watu wa kwetu: Kambale, Kasereka, Kakule, Kambale, Masika, Kavira, Kambale, Kasereka, Kambale. Sisi Wanande tunapewa majina kwa kufuata nafasi ya kuzaliwa, wavulana kwao na wasichana kwao, kwa hiyo ushirika mzima una majina ambayo yangeenea kwenye kiganja. Askari huyu alikuwa ametoka mbali. Akaona siri kuu, na chini yake maneno machache yanayojirudia rudia na namba za kilo pembeni.

"Hii ni code," akasema, na akamwita mkubwa wake.

Mkubwa alikuja taratibu, miwani mfukoni. Akasoma orodha kuanzia juu hadi chini, kwa kidole, bila haraka. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno nitakayomwambia mke wangu kwa simu. Akauliza ni maharage ya kupanda milingotini au yale mafupi. Nikasema mafupi. Akauliza yanakomaa baada ya miezi mingapi. Akauliza kila mmoja anapata kilo ngapi, nikamwonyesha safu. Kisha akachukua kalamu kwenye mfuko wa shati langu, akageuza ukurasa wa mwisho, akaongeza jina lake na namba ya simu, na mbele yake akaandika kilo tano. Karatasi ya siri kuu akaikunja, akaiweka mfukoni. Ile, alisema, inabaki kwenye huduma.

Niliporudi Kasugho nilipitiliza moja kwa moja hadi sekretaria, vumbi na yote. Kioo kikaniambia LIPA KWANZA. Nikamwambia kijana kwamba nimeuliza Butembo, kwa watu wa fani yake, na amri yenyewe ni fupi kuliko jina lake la ubatizo. Nikamwekea mezani ikiwa imeandikwa kwenye kijikaratasi:

lp -o job-sheets=none,none -o print-quality=5 mtihani.pdf

Yaani mbele hakuna jalada, nyuma hakuna jalada, na kilichobaki kitoke kwa ubora wa 5, alama za kutoa zikiwemo. Akakisoma bila kushangaa. Hapo ndipo nilipohisi kwamba hii amri anaijua tangu alipokuwa mwaka wa kwanza.

"Inawezekana, Mwalimu," akasema. "Ila hiyo ni huduma ya pembeni."

"Huduma gani? Nataka kupunguza karatasi!"

"Ndiyo. Kupunguza ni kazi."

Bei yake ilikuwa sawasawa na bei ya majalada mawili. Nilikuwa bado natafuta jibu linalofaa kutolewa na mtu mzima mbele ya watu, mama mmoja muuza karanga akaingia na beseni lake kichwani, akalitua kwenye benchi, akaanza kukusanya majalada yaliyokuwa mezani. Anayageuza upande mweupe, anayalinganisha pembe, anayaweka chini ya kwapa. Akamhesabia kijana faranga zake. Ndipo nikaelewa kwa nini karanga za Kasugho siku hizi zinafungwa kwenye karatasi safi kiasi kile, na kwa nini jalada moja nililipie mimi linapotoka na mama alilipie linapoondoka.

"Leo ziko chache, mwanangu," mama akalalamika.

"Vumilia, Mama. Mwalimu ndiyo anaanza."

Wote wawili wakanigeukia. Mama alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama ng'ombe wake wa maziwa akiwa mlangoni kwa daktari.

"Basi majalada acha," nikasema, maana watoto wake watatu ninawafundisha. "Lakini ubora weka 5. Mtihani una alama za kutoa."

Kijana akaweka vidole kwenye vitufe. Akasita. Ubora ukiuweka unashika kazi nzima, jalada na mtihani pamoja. Akamtazama mama.

"Hapana, Mwalimu," mama akasema. "Tatu ndiyo mzuri. Wino ikizidi inashika kwenye karanga."